Shilingi Iliyobaki

Nilipozaliwa nilikaa ndani siku tatu kabla ya kutolewa nje. Mdogo wangu wa kiume alikaa nne. Ndiyo desturi yetu Wajaluo: msichana tatu, mvulana nne. Matanga nayo ni vivyo hivyo, mwanamke hukaliwa siku tatu na mwanamume nne. Kwa hiyo mimi nimewekwa katikati ya tatu mbili. Ya kwanza waliihesabu wengine nikiwa nimelala, na ya pili wataihesabu wengine nikiwa nimelala. Hata gari ninalopanda kutoka Rodi Kopany kwenda Migori jina lake ni hilo hilo: nauli ya zamani kule Nairobi ilikuwa senti 30, vipande vitatu vya senti kumi, watu wakaliita gari kwa bei yake, na matatu ikabaki matatu hata leo nauli ikiwa haishikiki.

Nimefundisha hisabati miaka 34. Sasa nimestaafu, niko na kuku wangu na shamba la mahindi, na kuna swali ambalo darasani sikulipa nafasi hata siku moja: hii tatu iko wapi hasa? Imo katika siku zenyewe, au imo kinywani mwa anayezihesabu? Mtaala haukuniuliza, wala padri hakuniuliza. Aliyeniuliza ni mtoto wa gredi ya nne, na alikuwa akiuliza habari ya shilingi mia. Nitafika kwake. Lakini haieleweki bila dhahabu, basi nianze na dhahabu.

Baba yangu mdogo alikuwa mnunuzi wa dhahabu huko Macalder, Nyatike, ambako sisi tunapatamka Makalda kana kwamba jina lilitungwa na babu zetu. Mgodi ulifungwa mwaka 1966. Kampuni ikaondoka, vifusi vikabaki, na watu wakabaki na vifusi. Waliponda mawe kwa nyundo, wakaosha unga wake katika karai, wakazinasa chembe kwa zebaki, kisha wakaichoma zebaki ikaenda zake na moshi, bila mtu kutuambia sisi watoto tusogee mbali. Mwisho wa kazi yote hiyo ulikuwa kidonge cha manjano kama punje ya mtama, kimekunjwa ndani ya karatasi ya sigara.

Mizani ya baba mdogo ilikuwa ya kushika mkononi: ufito wa chuma mrefu kama kalamu, na visahani viwili vinavyoning'inia kwa nyuzi. Mawe ya mizani alikuwa nayo matatu tu, na hayo si mawe bali vipande vya risasi alivyovikata mwenyewe kwa kisu. Kidogo kabisa alikiita moja. Cha pili kilikuwa na uzito wa vidogo vitatu. Cha tatu, vidogo tisa. Alivifunga katika kitambaa cheupe na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa, maana hata jasho la mkono, alisema, lina uzito wake.

Siku moja, mimi nikiwa na miaka kama 11, alikuja mama mmoja na kidonge chake. Baba mdogo akakiweka kwenye kisahani, akaweka tisa upande wa pili, ufito ukalalia upande wa tisa. Akachukua tatu, akaiweka pamoja na dhahabu. Akaongeza na moja, palepale kwenye dhahabu. Ufito ukatulia sawasawa.

Yule mama akaushika mkono wake. "Risasi yako inatafuta nini juu ya dhahabu yangu?"

"Mama, naisaidia iseme."

"Iseme nini? Unaipunguza!"

Akamweleza kwa vidole: tisa upande huu, upande ule tatu na moja na dhahabu yako, basi dhahabu yako ni tano. Mama hakukubali. Alifunga kidonge chake akaenda kwa mnunuzi mwingine aliyekuwa na mawe ya shaba yaliyojaa sanduku, na jioni akarudi. Kule nako ilikuwa tano, ila bei ilikuwa mbaya. Hakuomba radhi, na baba mdogo hakumdai. Alimpimia tena, kwa risasi zile zile, mama akiwa amekodoa macho.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilichukua karatasi ya mfuko wa saruji na mkaa, nikaanza kutafuta uzito ambao risasi tatu zile zingeshindwa kuupima. Mbili: tatu huku, moja kule kwa dhahabu. Nne: moja na tatu pamoja. Sita: tisa huku, tatu kule. Saba: tisa na moja huku, tatu kule. Nikafika 13, risasi zote upande mmoja, na hakuna hata uzito mmoja uliorukwa. Tena kila uzito una njia moja tu ya kupimwa; nilitafuta ya pili nikaikosa. Kila risasi ina mahali patatu pa kukaa, yaani kisahani cha peke yake, kisahani cha dhahabu, au kitambaani, na pa nne hakuna. Nikachora mstari wa wima kwa risasi iliyo upande wake, mstari wa kulala kwa iliyokwenda kukaa na dhahabu, na duara kwa iliyobaki kitambaani. Tano ya yule mama ikawa: wima, kulala, kulala. Kumi ikawa: wima, duara, wima.

Baba mdogo aliitazama karatasi muda mrefu. "Nyara," akasema, yaani binti yangu, "haya ni maandishi ya wapi?"

Sikujua. Nilikuja kujua chuoni kwamba ukiongeza risasi ya nne yenye uzito wa 27 unafika 40 bila kuruka, na kwamba fumbo hilo limo katika kitabu cha hesabu alichokiandika Leonardo wa Pisa mwaka 1202. Yeye tarakimu alifundishwa akiwa kijana huko Bugia, pwani ya Algeria, ambako baba yake alikuwa na kazi ya forodha. Kwa hiyo jambo hili halikutoka mbali sana nasi kama nilivyodhani. Nikasoma pia habari za Nikolai Brusentsov wa Chuo Kikuu cha Moscow, ambaye mwaka 1958, wakati dunia nzima ilikuwa ikijenga kompyuta za hali mbili, ndiyo na hapana, alijenga yake ya hali tatu: wima, kulala na duara, kwa maneno yangu. Waliiita Setun, jina la mto mdogo wa huko. Zilitengenezwa kama 50, kisha wakubwa wakaamua zinatosha. Baba mdogo angewaelewa wote wawili bila mkalimani.

Vitabu vya dini vimenitisha kwa mizani tangu utotoni. Katika Danieli mfalme anapimwa anaonekana amepungua. Katika Kurani, sura ya Al-Qaria, mtu mizani yake ni nzito au ni nyepesi, na kila mmoja ana njia yake. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikijiuliza: vipi kama mpimaji ndiye anayechukua jiwe lake na kuliweka upande wa kinachopimwa? Nimeketi katika misa nyingi za Krismasi, nikasikia mahubiri marefu ya Mungu kuja kukaa nasi, na hakuna hata moja lililonifikisha karibu na Krismasi kama risasi ile iliyoshuka ikakaa na dhahabu ya mama asiyeiamini. Hata hivyo nisiuvute mfano hadi kamba ikatike. Risasi iliyokaa na dhahabu mwisho hutolewa katika hesabu, na sijui ningeiitaje theolojia ya namna hiyo.

Kuhusu lugha zetu: hakuna hata moja inayohesabu kwa mafungu ya tatu. Kijaluo ukikitegea sikio unasikia mkono mmoja wenye vidole vitano. Baada ya abich, tano, huja auchiel, sita, na ndani yake achiel, yaani moja, imejibanza. Kisha abiriyo, saba, na ariyo, mbili, imo humo wazi. Majirani zetu Wakisii wala hawajibanzi, sita kwao ni isano na emo, tano na moja. Kiswahili kabla ya kuazima sita kwa Waarabu kilikuwa na tandatu, na hapo ndipo utaiona tatu ikijirudia, tatu mbili zimekumbatiana kama mapacha tumboni. Kumbe hata sita ilikuwa na njia mbili za kuingia duniani, na sita yenyewe haikubadilika kwa kuitwa huku tano na moja na huku tatu na tatu.

Na saa je? Simu yangu asubuhi inaandika 9:00, nami naisoma saa tatu, na kwa Kijaluo ni sa adek, tatu vilevile. Mmoja ameanza kuhesabu usiku wa manane, mwingine jua lilipotoka. Jua halina habari na mmoja wetu. Ng'ombe wanajua ni wakati wa kwenda kunywa maji.

Haya ningeyaacha hapo kama si sensa ya mwaka 1979. Nilikuwa mwalimu kijana, nikachukuliwa kuwa karani wa kuhesabu watu. Wakati huo Homa Bay na Migori zilikuwa bado ni wilaya moja, South Nyanza. Katika boma moja upande wa Ndhiwa nilimkuta bibi mzee akichambua mboga, nikamuuliza ana watoto wangapi. Akanyamaza. Nikarudia. Akasema, bila kuniangalia, kwamba watu si mbuzi. Hilo nililijua tangu nyumbani. Mama yangu naye hakupenda kuulizwa hivyo, na alikuwa akitukumbusha kwamba Daudi aliwahesabu watu wa Israeli akaletewa adhabu tatu achague moja: njaa ya miaka mitatu, kukimbizwa na adui miezi mitatu, au tauni ya siku tatu. Lakini mimi nilikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na kisanduku.

"Andika majina," bibi akasema hatimaye. "Hesabu utaifanya mwenyewe, iwe juu yako."

Akaanza kutaja. Kila jina lilikuja na habari yake: huyu alizaliwa wakati wa mvua, huyu usiku, huyu njiani tukienda sokoni. Nikaandika majina tisa. Alipomaliza nikauliza wako wapi, ndipo nikafahamu kwamba wawili walikuwa wamezikwa nyuma ya nyumba. Fomu ilitaka wanaoishi waandikwe peke yao. Nikaandika saba kwenye kisanduku cha wanaoishi. Bibi aliniangalia nikiandika alama ile moja, ndogo, iliyopinda, na akauliza, "Wote wameingia hapo?"

Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti ya Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950, na Migori 1,116,436. Nilizisoma gazetini nikamkumbuka bibi. Ukiziandika kwa mafungu ya tatu, zote mbili huwa na tarakimu 13, na zote huanza na 2. Ni mchezo wa mstaafu, najua.

Sasa shilingi mia. Pasaka iliyopita wajukuu watatu walikuwa kwangu, nikawapa noti moja ya mia wagawane, maana sikuwa na chenji na nilitaka nione. Mkubwa yuko kidato cha tatu, akasema mara moja: thelathini na tatu kila mtu, inabaki moja. Mdogo, yule wa gredi ya nne, hakuridhika. Alichukua simu ya mama yake akagawa, ikaleta 33.3333333 hadi ukingo wa kioo.

"Dana," akaniita, yaani bibi, "hii inaisha lini?"

"Haiishi."

"Hata ukiwa na simu kubwa kama ukuta?"

"Hata hivyo."

Niliona uso wake ukibadilika. Watoto wengine huambiwa habari za mauti wakiwa na umri ule. Wangu alikuwa ameambiwa habari za mkia wa tatu zisizokoma. Nikamwonea huruma, nikatoa maharagwe.

Tulihesabu maharagwe 100 mezani. Nikamwambia: mikononi mwako usahau una vidole kumi. Leo ukipata vitatu vya aina moja, vifunge viwe kimoja kikubwa. Maharagwe matatu yanaingia katika kizibo cha soda. Vizibo vitatu vinaingia katika kikombe. Vikombe vitatu vinamiminwa katika bakuli. Bakuli tatu zinapanda sinia. Tukafanya kazi ile nusu saa nzima, vizibo tukaviazima dukani kwa jirani, na mwisho mezani palikuwa na sinia moja, bakuli hakuna, vikombe viwili, vizibo hakuna, na haragwe moja limekaa peke yake. Nikamwambia aandike anachokiona, akianza na kikubwa. Akaandika 10201.

"Hii ndiyo mia?"

"Ndiyo mia. Sasa igawe kwa watatu, usitumie simu."

Akatazama. Sinia ina bakuli tatu, basi kila mtu bakuli moja. Vikombe viwili vina vizibo sita, basi kila mtu vizibo viwili. Bakuli moja, vikombe hakuna, vizibo viwili, maharagwe hakuna: 1020. Hakuhitaji hata kuhesabu, kila kitu kiliteremka ngazi moja tu. Ikabaki lile haragwe. Nikalikata kwa kisu vipande vitatu, nikamwambia kipande kimoja cha namna hii kinaandikwa nukta na moja. Akaandika 1020.1 akangoja.

"Halafu?"

"Basi. Imeisha."

Alicheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu nistaafu. Mkia umekatika! Akataka kujua kama simu ilikuwa ikidanganya. Nikasema simu haidanganyi, ila inasema kwa lugha isiyo na neno la theluthi, kwa hiyo inazunguka-zunguka kama mgeni anayetafuta choo kwa ishara. Kila lugha ina theluthi yake isiyotamkika. Hii ya mafungu ya tatu, ipe nusu iiandike uone itakavyohangaika, 0.111 hadi mwisho wa dunia.

Kaka yake, ambaye alikuwa ameegemea mlango akijifanya hasikii, akasema: "Lakini shilingi bado iko mezani."

Na kweli ilikuwepo. Walikuwa wameivunja ile noti dukani, kila mmoja ana 33 zake mfukoni, na shilingi moja ilikuwa juu ya meza kando ya vipande vya haragwe. Haragwe hukatwa, shilingi haikatwi. Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nikikitafuta miaka hii yote. Katika kuigawa mia kwa watatu kuna ukaidi wa aina mbili, na mimi nilikuwa nimeufundisha kama mmoja. Ule mkia usiokwisha ni wetu, umetoka katika vidole vyetu kumi. Badilisha maandishi nao unatoweka. Ile shilingi si yetu. Hesabu kwa mafungu ya tatu, ya tano, ya kumi, kwa mawe au kwa majina kama bibi wa Ndhiwa, bado itakuwepo pale mezani ikikutazama. Mambo mengi niliyoyaita mafumbo ya Mungu, nikiyachunguza, nayaona ni mkia wa aina ile ya kwanza: tumeyaandika vibaya, tukapiga magoti mbele ya maandishi yetu. Lakini si yote.

Wiki iliyofuata jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwangu, na yule mjukuu mkubwa akaomba kusema. Kwetu vijana hawaombi kusema katika jumuiya, kwa hiyo tulinyamaza. Akasema amepata jibu la Utatu Mtakatifu. Katika mafungu ya tatu, tatu huandikwa 10, moja na sifuri. Alama ya tatu haipo kabisa. Kuna sifuri, moja na mbili, na ukifika tatu unaikuta ni moja. Basi watatu ni mmoja. Wakampigia makofi. Mwenyekiti wa jumuiya alisema aleluya.

Mimi nilikuwa bibi yake na mwenye nyumba na mwalimu, na ilinibidi nichague. Nikachagua ualimu. Nikamuuliza: katika mafungu ya tano, tano huandikwaje? Akafikiri. "10." Na kumi katika hesabu ya kawaida? "10." Kila mfumo fungu lake huliita 10. Basi kwa hoja yako Mungu ni watano na ni mmoja, ni kumi na ni mmoja, ni vyovyote utakavyo na ni mmoja. Hoja inayothibitisha kila kitu haijathibitisha kitu. Akakaa chini, na masikio yake yalikuwa mekundu kiasi weusi wetu unavyoruhusu. Mwenyekiti alinitazama kama mtu aliyeua kuku wa mgeni.

Si kwamba mifano mingine imeniridhisha. Katekista wetu hupenda mafiga matatu na chungu kimoja, lakini figa si chungu, na ukiondoa figa moja huli. Mimi mwenyewe nina wangu wa siri. Kule Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018, ukuta umejengwa bila udongo wala saruji: safu ya nje ya mawe yaliyopangwa vizuri, safu ya ndani vivyo hivyo, na kati yake safu ya tatu ya mawe madogo madogo inayozishika mbili zile. Ukisimama nje unaona uso mmoja, ukiingia unaona mwingine. Ile ya kati huioni, na bila hiyo ukuta usingesimama kwa karne hizi zote. Nilipoupeleka mfano huo kichwani mwangu mbele ya swali nililompa mjukuu, nao ukaanguka. Ukuta ni mmoja kwa sababu kuna aliyeujenga, na hapo ndipo swali linapoanza upya.

Usiku huo, lakini, sikumwambia mjukuu jambo moja ambalo alikuwa amelikanyaga bila kuliona. Ni kweli kwamba katika mafungu ya tatu, tatu haina alama yake. Unaweza kuandika moja, unaweza kuandika mbili, lakini tatu hutaiona ikisimama kama tatu. Unaiona pale tu unapoacha kuhesabu kimoja kimoja na kukubali kwamba ulichonacho mkononi ni fungu. Hiyo si hoja. Ningempa alama ngapi? Sijamwambia mpaka leo.

Mwezi wa Mei nilikwenda Kendu Bay kununua omena, na kila nikienda huko napita kwa mwalimu mwenzangu wa zamani. Ni Mjaluo kama mimi, ni Mwislamu kama baba yake. Kendu Bay ina Waislamu wa siku nyingi na msikiti wao wa siku nyingi. Alikuwa akifundisha fizikia, nami hisabati, na kwa miaka sita tulibishana juu ya Mungu katika chumba cha walimu bila mmoja wetu kumsogeza mwenzake hata inchi. Nikamsimulia habari ya maharagwe, shilingi, na mjukuu aliyeaibishwa. Kwa ile 10 alicheka hadi akafuta macho. "Mwalimu, umemvunja mtoto mdomo kwa kusema jambo ambalo mimi nimekuambia miaka sita!"

Kisha akanyamaza, akatoa tasbihi mfukoni. Ilikuwa ya shanga 33, za mti, zimeng'aa kwa kuguswa. Nilikuwa nimeiona mara elfu. Akaninyooshea.

"Baada ya sala tunasema Subhanallah mara 33. Tukizunguka, Alhamdulillah mara 33. Tukizunguka tena, Allahu Akbar mara 33. Ngapi?"

"Tisini na tisa."

"Na mia inatimizwa kwa nini?"

Sikujibu, ingawa nilijua. Nimeishi na Waislamu.

"Kwa moja," akasema. "Mara moja tu: hapana mungu ila Allah, peke yake, hana mshirika. Hiyo hairudiwi thelathini na tatu. Shilingi yako hiyo mwalimu, wewe umeiita baki. Sisi ndiyo tunayomalizia."

Tulikaa. Mkewe alileta chai. Nilitaka kumjibu kwamba hesabu ni ile ile ya mgawanyo tu, kwamba mia kwa tatu hubakisha moja sokoni na msikitini na kanisani pia, na kwamba asinifanyie kile kile nilichomkataza mjukuu. Nikafungua mdomo. Lakini alikuwa hajaniambia kwamba ni hoja. Alikuwa ameniambia wanachofanya na ile moja.

Niliporudi Rodi Kopany mjukuu mdogo alikuwa amekuja kwa likizo fupi. Shilingi bado ilikuwa kabatini, hakuna aliyethubutu kuigusa, kwa sababu kila mmoja aliona si yake. Nilikuwa nimemwahidi kumwonyesha mizani ya baba mdogo, ambayo niliirithi pamoja na kile kitambaa, nikaitoa. Risasi tatu bado zimo, zimepauka. Nikamwambia asizishike kwa mkono. Akazibeba kwa ncha ya kijiko, moja baada ya nyingine, akaziweka zote tatu kwenye kisahani kimoja, kumi na tatu, uzito wote tulio nao nyumbani. Kwenye kisahani cha pili akaweka ile shilingi. Ufito ukaanguka upande wa shilingi, puu, na risasi zikabaki juu zikiyumba.

"Tuongeze nini, Dana?"

Nikamtuma jikoni akalete maharagwe.